Kebo ya mchanga iliyozimwa ikiwa bado inavuta: uchambuzi wa kisa kimoja cha mlimani, Mwanza

Kabla ya kisa

Majina nimeyatoa yote, mtaa siutaji na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asijulikane, kwasababu wahusika wengi bado tunaishi pamoja na tunazikana. Mimi nilikua mtunza daftari wa kikundi kilichokua na kebo, yaani waya na winchi ya kupandishia mchanga mlimani, kwa hiyo haya mengine nimeyatoa kwenye daftari na mengine kichwani. Naandika kwa ajili ya vikundi vyenye mashine ya pamoja, iwe winchi, boti, pampu au mashine ya kusaga, chochote ambacho siku moja itabidi mtu asimame aseme basi, hii leo tunaizima.

Mlima na jinsi kebo ilivyokuja

Anayeijua Mwanza anajua habari ya mawe. Ukipita Igogo, Mabatini, Bugarika, ukainua macho unaona nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku waliopanda kulala. Kiwanja cha juu unakipata kwa bei nafuu ila nyumba yake ni ghali, kwasababu lori la mchanga linaishia barabarani na kuanzia hapo kila kitu kinapanda kichwani, mchanga, kokoto, saruji, tofali, maji ya kukorogea, kila kitu. Kwetu kazi hiyo ilikua ya akina mama na vijana, kwa ndoo, na bei ya ndoo ilitegemea unaishia jiwe la ngapi.

2016 fundi mmoja wa kuchomelea akaja na wazo la kupandisha mchanga kwa waya. Fundi kwao ni Lushoto, na amekua akisikia wazee wakisimulia kamba ya Mjerumani. Ni kitu kilichokuwepo kweli. Kabla ya vita ya 1914 kampuni ya Wilkins & Wiese ilikua inakata miti ya mtarakwa kwenye msitu wa Shume huko Usambara na kuzishusha mbao kwa waya mpaka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Waliojenga ule waya ni kampuni ya Bleichert ya Leipzig, Ujerumani, hao hao waliojenga kebo ya kwanza ya Table Mountain kule Cape Town iliyofunguliwa Oktoba 1929. Kwa hiyo pale mtu mmoja aliposema haya ni mambo ya Ulaya, Fundi alimjibu, "Ulaya gani bana, babu yangu kaiona kwa macho yake, ilikua inapita juu ya mashamba."

Tukachanga watu kumi na moja, na kamba zikawa mbili. Ile nene ilikua imesimama tu, chini imefungwa kwenye bonge la zege na juu kwenye jiwe kubwa tulilolitoboa na kuzamisha nondo nne, juu yake ndo zinatembea kapi mbili zilizobeba sanduku la chuma. Nyembamba ndo ya kuvuta, inazungukia kwenye pipa la winchi juu, na winchi inaendeshwa na injini ya dizeli iliyokua ya mashine ya kusaga. Kutoka barabarani mpaka juu ni kama mita sitini, sanduku linabeba ndoo nane na linapanda kwa dakika nne hivi. Kamba zote mbili tulizitoa kwa mtu wa skrepa. Hakuna aliyeuliza zilishafanya kazi wapi na miaka mingapi, tuliangalia kama zimenyooka tukalipa.

Kitu ambacho Fundi alikitengeneza kwa akili sana ni taya. Alichomelea vipande viwili vya chuma vyenye meno, akaviwekea springi, vikakaa juu ya sanduku vikiwa vimeikumbatia ile kamba nene bila kuigusa. Kamba ya kuvuta ikiwa imekaza, taya ziko wazi. Ikilegea au ikikatika, springi inazibana, zinaing'ata kamba nene na sanduku linaganda hapo hapo. Hakuiga popote, alifikiria mwenyewe, na baadae nilipokuja kusoma nikakuta kebo za watu kwenye milima ya Ulaya zina breki ya namna hiyo hiyo. Naomba msomaji aishike hii habari ya taya, ndo kisa chenyewe.

Mambo yalivyokwenda

Mwaka wa kwanza ulikua wa ugomvi na mafanikio kwa pamoja. Akina mama wa ndoo walitujia juu, na walikua na haki, maana tuliwachukulia riziki bila kuongea nao. Tukakaa nao kikao cha siku mbili, tukakubaliana kupakia chini na kupakua juu ni kazi yao na wanalipwa kwa trip. Hapo mtaa ukatulia. (Ule mjadala wa kebo ya Kilimanjaro ulipoibuka 2019, wagumu, wale wabeba mizigo ya watalii mlimani, wakalalamika kwamba watakosa kazi, sisi tulishajua wanaongelea nini.)

Shida ya taya ilianza 2018. Injini ikishtua mwanzoni sanduku linaruka kidogo, kamba inalegea sekunde moja, taya zinabana. Sanduku limejaa mchanga limeganda katikati ya mlima na inabidi mtu apande kwenye mawe na ndoano akalifungue, nusu saa inapotea, mteja anapiga kelele, madereva wa lori wanataka kuondoka. Ikitokea mara moja kwa wiki unavumilia, ila ilifika mara tatu mara nne kwa siku. Fundi alisema springi imechoka na pini imeingia kutu, anahitaji siku mbili na hela kidogo. Siku mbili hazikupatikana. Siku moja asubuhi mwendesha winchi akachukua waya wa kufungia nondo akazifunga taya zibaki wazi, ili wamalize oda ya siku ile.

Nimelitafuta hilo jambo kwenye daftari, halipo. Niliandika dizeli, grisi, hela ya chai, nani kachelewa, ila siku taya zilipofungwa sikuandika kitu kwasababu hakuna hela iliyotoka. Ule waya ulikaa pale miaka minne. Tulikua tunapaka grisi juu yake.

2020 usiku mmoja bibi wa jirani alizidiwa, pumzi haipandi, na mvua ilikua imenyesha, mawe yanateleza kama sabuni, kumbeba kwenye machela kushuka kwenye yale mawe vijana walijaribu wakashindwa. Wakamfunga kwa kanga ndani ya sanduku, mjukuu wake akapanda naye akamshika kichwa, wakateremshwa taratibu mpaka barabarani kwenye bajaji. Bibi alifika hospitali akapona. Mtaa mzima ulitusifia, mpaka mwenyekiti wa mtaa alitutaja kwenye mkutano, na mimi nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi nyingine yoyote. Sasa hivi nikikumbuka ule usiku, mjukuu ameinama gizani, juu ya kichwa chake taya zimefungwa waya, mikono inanitetemeka naandika hapa. Kuanzia siku ile watoto nao wakawa wanadandia jioni sanduku likishuka tupu, na hatukua na mdomo wa kuwakataza vizuri maana tulishaonyesha kwamba linabeba watu.

Alafu ikaja Mei 2021. Wiki ile sisi wa huku tulikua na majonzi yetu, ilikua imetimia miaka 25 tangu MV Bukoba izame, Mei 21, 1996, ikiwa inakaribia Mwanza. Siku mbili baadae, Jumapili ya tarehe 23, kebo ya mlima Mottarone kule Italia ikaanguka. Ile kebo ilikua inatoka mji wa Stresa ulioko kando ya Ziwa Maggiore inapanda mlimani, ilifunguliwa 1970, na siku hiyo kamba ya kuvuta ilikatika behewa likiwa limebaki kidogo sana kufika kituo cha juu. Behewa likarudi nyuma kwa kasi, likagonga nguzo, likaanguka. Walikua watu 15, walikufa 14, akabaki mtoto mmoja wa miaka mitano. Na breki ya dharura ya kung'ata kamba nene, ambayo kazi yake ni siku kama hiyo tu, ilikutwa imezuiwa kwa vyuma maalumu isibane, kwasababu ilikua inasumbua, inajibana yenyewe na kusimamisha safari.

Nilisoma hiyo habari nikiwa nimekaa juu ya gunia la saruji kwenye kibanda cha winchi. Nikamwonyesha kiongozi wetu simu. Akasoma yote, akanyamaza kidogo, akasema, "Ya kwao ya watu, ya kwetu ya mchanga." Na mimi nikakubali. Hilo ndo lazima niliweke wazi, sikubisha, nilirudisha simu mfukoni.

Masika ya 2022 kijana anayefuta kamba alianza kulalamika tambara lake linakwama. Nyuzi ndogo za waya zilikua zimekatika zinachomoza kama miba. Akawa anazikata na plaizi ili zisimchome mkono, kamba ikarudi kuwa laini, na sisi tukaona amefanya usafi mzuri.

Mzee anapanda mlima

Aliyebadilisha mambo hakua mwanachama. Ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa meli maisha yake yote, amestaafu, alikuja kumtembelea binti yake anayejenga juu. Alipanda kwa miguu, akafika anahema, tukampa kiti, shikamoo mzee, marahaba wanangu, akakaa anaangalia sanduku likipanda mara tatu nne bila kusema kitu. Alafu akauliza, "Hiyo kamba mmeianza lini?" Tukamwambia 2016. "Sijauliza mmeinunua lini. Nimeuliza ilianza kazi lini." Hakuna aliyejibu.

Akaomba mafuta ya taa, tambara na msumari mrefu. Hakwenda katikati ya kamba, alikwenda moja kwa moja mwishoni, pale kamba nyembamba inaposhikana na sanduku kwa klipu. Akafuta grisi yote mpaka chuma kikaonekana, akachomeka msumari katikati ya msokoto akausukuma, kamba ikafunguka kidogo kama unavyofungua suke la mahindi, na ndani ukatoka unga mwekundu ukamwagika kwenye kiganja chake. Akatuonyesha kiganja mmoja mmoja.

"Kamba ya chuma inafia pale inapokunjwa na pale inaposhikwa," alisema. "Nje mnaipaka grisi inang'aa, ndani imekua kutu tupu." Akaanza kuhesabu nyuzi zilizokatika kwenye urefu wa mzunguko mmoja wa msokoto, akafika kumi na nne, alafu akaona zile ncha zilizokatwa na plaizi, zimekatwa sawasawa. Akamwita kijana, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizi ndo zilikua zinakwambia. Wewe ukazikata ulimi."

Akatueleza vile kamba inavyotakiwa kutunzwa. Ncha inayoshikwa haiachwi pale milele, kila baada ya muda unakata kipande cha mwisho unafunga upya, ili sehemu iliyochoka itoke. Ile inayosimama nayo unaisogeza kidogo, ili pale inapolalia pasiwe pale pale miaka yote. Na tangu siku ya kwanza unahesabu nyuzi na kupima unene, unaandika, kwasababu kamba ikianza kukatika nyuzi inakatika pole pole alafu ghafla. Hayo yote hatukua tumefanya hata moja. Nikakumbuka pia ile ya Italia, kamba yake ilikatika karibu na pale inapoungana na behewa, sehemu ile ile Mzee aliyochomeka msumari.

Maamuzi

Uamuzi wa kwanza tuliufanya jioni ile ile na ulikua mbaya. Tulikua na oda kubwa, nyumba ya mtu iliyofika usawa wa lenta, na malipo ya awali tumeshakula. Tukakubaliana tupunguze mzigo, ndoo nne badala ya nane, tumalize ile oda alafu tuone. Kila mtu aliona ni busara. Sababu zetu zilikua tatu: hela tulishapokea, kamba mpya hatuwezi kuinunua kwa haraka, na miaka sita haijawahi kukatika. Hiyo ya tatu ndo iliyotupumbaza zaidi. Na safari zikawa mara mbili kwa mzigo ule ule, maana yake kamba inapinda kwenye kapi mara mbili zaidi. Mzee alipoambiwa kesho yake alituuliza swali moja tu: "Na ikikatika na ndoo nne, nini kinalisimamisha?"

Fundi akasema taya. Mwendesha winchi akaangalia chini.

Tukapanda wote kwenye kituo cha juu, Fundi akapangusa grisi pale juu ya sanduku, na ule waya wa kufungia nondo ukaonekana, umesokotwa mara tatu vizuri kabisa, umeshika kutu na kugandana na chuma. Fundi hakujua. Miaka minne alikua anatuamini kwamba taya zake zinafanya kazi. Alikaa chini kwenye jiwe akaweka mikono kichwani, mtu mzima, na hakuna aliyemsemesha kwa muda mrefu.

Akaukata waya mwenyewe. Tukafanya jaribio, sanduku tupu, limefungwa kamba ya akiba ya katani lisije kwenda mbali, sehemu ya chini kabisa ya mlima, watu wote wamesimama pembeni. Tukalegeza kamba ya kuvuta ghafla. Taya hazikusogea. Springi ilikua imeganda na meno yameliwa na kutu. Sanduku likateleza mpaka kamba ya katani ikaligomesha, kitu cha kama mita mbili tu, lakini ile sauti ya kapi zikikimbia juu ya waya mpaka leo naisikia.

Uamuzi wa pili ulichukua dakika kumi, tukaizima. Kiongozi wetu, yule yule wa mchanga na watu, ndo aliyesema neno, na namheshimu kwa hilo.

Ila kikao cha wanachama wote cha Jumapili kilikua kirefu na kigumu, maana nusu hawakuwepo kwenye jaribio. Kwao mashine ilikua nzima. Mmoja alisimama akasema, "Hamjaniletea hata mtu aliyekwaruzwa, mnaniletea unga wa kutu." Hapo ndo nilitoa habari za kebo nyingine ambazo nilikua nazisoma tangu Mottarone. Nikawaambia ya Mérida kule Venezuela, inayopanda mpaka Pico Espejo, mita 4,765, ilifunguliwa 1960 na ikafungwa 2008 kwasababu umri wake wa kufanya kazi ulikua umefika mwisho, wakaibomoa, wakajenga mpya ikafunguliwa 2016. Nikawaambia ya Jackson Hole, Marekani, imefanya kazi tangu 1966 na wenyewe wakaistaafisha 2006. Nikawaambia Table Mountain walibadilisha kila kitu 1997. Hao wote walizima kitu kinachotembea. Wakauliza hela ya mpya walitoa wapi. Hilo swali nilikua sina jibu lake la kuwasaidia watu wetu, na nilinyamaza.

Kura ikapigwa, saba wa kuzima, wanne wa kuendelea.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Baada ya hapo karibu kila kitu kilikwenda vibaya kwa muda.

Ile nyumba ya lenta ilisimama miezi mitano na mwenye nyumba alitudai hela yake, tukamlipa kidogo kidogo. Bei ya ndoo ikapanda kuliko ilivyokua kabla ya kebo, kwasababu vijana wengi waliokua wanabeba walishaondoka kwenda kwenye bodaboda na wengine machimboni Geita. Akina mama wawili waliokua wapakiaji wakarudi kubeba kichwani wakiwa na umri ambao haufai. Kikundi kikapungua. Wale wanne waliokua wanataka kuendelea waliondoka wote, na mmoja hajanisalimia mpaka leo.

Injini tuliiuza, ikarudi kusaga mahindi. Hela yake, baada ya kumalizana na mwenye nyumba, tukabishana sana kama tugawane, mwisho tukanunua saruji na kuanza kujenga ngazi kwenye sehemu mbaya kabisa ya njia, pale bibi aliposhindikana kupita. Zilifika ngazi thelathini na moja saruji ikaisha. Juu ya jiwe nondo zetu nne bado zipo, watu wanafungia kamba ya kuanikia nguo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mtu wa nje. Mzee hakua na hisa, hakua na oda, hakua na rafiki kwenye kikundi. Sisi wote tuliokua tunaiona kebo kila siku tulikua na sababu ya kutoona. Na alianza na ushahidi wa kushika, alitupa ule unga mkononi kabla ya kusema neno lolote la ushauri. Angeanza kwa kusema ni hatari tungemwambia asante mzee, tukaendelea.

La pili lililofanya kazi ni jaribio. Mpaka pale tulikua tunabishana kuhusu kamba, na kamba unaweza kuibishia. Sanduku lililoteleza mbele ya macho hulibishii. Ila tulikosea kufanya jaribio bila wanachama wote kuwepo, na hilo ndo lilitugharimu kikundi. Wale wanne hawakua watu wabaya wala wajinga, waliambiwa tu na wenzao kwamba chakula chao kimeisha kwasababu ya kitu ambacho hawakukiona. Ningerudia, ningewaita wote wasimame pale jiweni siku ile ile.

Sasa kwenye kushindwa. Watu wakisikia hiki kisa wanamlaumu mwendesha winchi aliyefunga taya, na mimi nakataa. Yeye alifunga kwa ajili ya oda ya siku moja, mbele ya watu watatu, na kila mmoja wetu alifaidi muda uliookolewa. Breki inayosumbua inatoa taarifa, ni kama mtoto anayelia. Taya zilikua zinasema springi imechoka na injini inashtua. Gharama ya kuzisikiliza ilikua siku mbili. Tuliona bora kuziziba mdomo, alafu tukakata na nyuzi, kwa hiyo mashine yetu ilitusemesha mara mbili na mara zote mbili tukainyamazisha kwa plaizi na waya. Kule Mottarone ilikua hivyo hivyo, na wale walikua na wahandisi. Ndo maana siamini kwamba tatizo letu lilikua elimu. Lilikua kwamba kusimama kunamuumiza mtu leo, jioni hii, na hatari haina tarehe.

Hapo ndo naona kosa letu la mzizi, nalo tulilifanya 2016 siku ya kwanza. Hatukuweka tarehe ya mwisho ya kamba wala hatukutenga hata shilingi mia kwa kila trip kwa ajili ya kamba mpya. Tungeiandika kwenye katiba ya kikundi kwamba kamba inatoka baada ya miaka kadhaa hata kama inang'aa, 2022 kusingekua na kura. Kebo ya Cannon Mountain, New Hampshire, Marekani, ambayo ilikua ya kwanza ya aina yake ya kubeba watu Amerika ya Kaskazini, ilianza 1938, ikastaafishwa 1980, ikaja ya pili, na hiyo ya pili nayo imestaafishwa Oktoba 2025 baada ya kufika mwisho wa umri wake wa kazi. Mara mbili kwenye mlima mmoja. Watu wanakuja kupanda mara ya mwisho, wanapiga picha, wanalia kidogo, wanaondoka salama. Sisi tulinyimana hata hiyo ya kuaga, tuliizima kwa kugombana.

Na mbadala. Huku kwetu vivuko vya Kigongo na Busisi vilipumzika baada ya daraja kufunguliwa Juni 2025, yaani mtu alitoka kwenye kivuko akaingia darajani. Jackson Hole walikaa miaka miwili bila kebo kubwa mpaka mpya ilipofunguliwa 2008, na Mérida miaka minane. Pengo lipo hata kwa wenye hela, ila kwetu pengo liliangukia shingo za akina mama wale wawili, ambao kwenye kikao cha kuzima hatukuwaita kwasababu hawakua wanachama. Nimeshawaomba msamaha wote wawili. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, ndoo naijua, ila mngenishtua tu mapema nijipange."

Kosa la mwisho ni la kamba yenyewe. Mzee alituambia kabla hajaondoka tuikate vipande vifupi, visizidi urefu wa mkono, kwasababu kamba iliyokufa ikiwa ndefu itapata kazi nyingine. Nene tuliikata yote, siku nzima, kwa msumeno wa chuma. Nyembamba tulikata nusu giza likaingia, tukasema tutamalizia kesho, na kesho yake kipande cha kama mita ishirini hakikuwepo. Mwanachama mmoja aliondoka nacho kufidia hisa yake, nasikia alimuuzia mtu wa boti. Fundi alikua amepaka rangi ya kijani kwenye ncha tangu 2016, ili tuijue ya kwetu. Nikipita mwaloni asubuhi, boti zikivutwa kupanda mchangani, naangalia ncha za kamba moja moja.